Darasa Zima Likishindwa

Katika chuo cha ualimu nilikofundisha hesabu kabla ya kupewa ukuu wa chuo, tulikuwa na kanuni moja tuliyowakaririsha walimu wanafunzi mpaka wakaiota usiku: mtoto mmoja akishindwa mtihani, mtazame mtoto, darasa zima likishindwa, mtazame mwalimu. Nimeishi na kanuni hiyo maisha yangu yote ya kazi. Naileta hapa kwa sababu siku hizi nasikia neno moja kila mahali, redioni, semina na katika hotuba za waheshimiwa, kwamba wananchi wanaumizwa na mikopo ya simu kwa kuwa hawana elimu ya fedha. Mimi nasema neno hilo linamwadhibu mtoto kwa kosa la mwalimu. Wala siandiki kama mtu msafi, maana neno hilo nimelisema kwa kinywa changu, hapa hapa Igawa, mbele ya watu walioniamini.

Kwa msomaji asiyepajua, Igawa ni mahali ambapo barabara kuu itokayo Makambako kwenda Mbeya inauvuka mto Mbarali. Malori ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, na madereva husimama kula. Walio mbali na barabara wanalima mpunga. Walio karibu na barabara wanaupika. Fedha hapa ina misimu kama mvua. Kuna miezi ambayo kila mtu analipa, na kuna miezi ambayo kila mtu anakopa. Anayetaka kuandika habari za benki kwa watu wa namna hii, na aanze kwa kuuliza wanafanya nini katika miezi ile ya pili.

Nilipoanza kazi miaka ya sabini, mshahara tuliufuata mjini. Mwisho wa mwezi mwalimu aliaga, akadandia lori au basi, akalala kwa ndugu, akapanga foleni benki tangu alfajiri, akarudi siku ya tatu. Darasa lilibaki mikononi mwa kiranja. Na ukitaka kumtumia mama yako fedha kijijini, ulizitia katika bahasha, ukaifunga kwa gundi, ukamkabidhi kondakta wa basi pamoja na maneno ya heshima. Bahasha nyingine zilifika. Nyingine zilifika nyepesi. Kwa hiyo mtu asinisome kama mzee anayelilia zamani. Zamani nilikuwapo, na foleni zake nimezipanga. Siku nilipompelekea dada yangu fedha kwa simu, naye akanijibu kabla sijaondoka kwenye kibanda cha wakala kwamba zimefika, nilifurahi kama mtoto.

Lakini furaha hiyo haituzuii kuuliza benki hii ya mfukoni imetoka wapi, imekujaje, na inatutendeaje.

Kisa chake kinaanza karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru wa Tanganyika, ilianzishwa Dar es Salaam benki iliyoitwa Commercial Bank of Africa. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba mabenki ya biashara yanachukuliwa na umma. Nilikuwa kijana wa shule, na nakumbuka tuliandamana tukiimba, ingawa hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuweka hata senti moja katika benki yoyote. Biashara ya mabenki hayo nchini iliingia katika Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC. Benki ile iliyozaliwa Dar es Salaam ikaendelea na maisha yake Nairobi, ikawa benki ya makampuni na ya watu wenye uwezo, yenye matawi machache na zulia sakafuni. Mkulima wa mpunga hakuwa na shughuli nayo, wala yenyewe haikuwa na shughuli naye.

Huku kwetu NBC ilibeba nchi nzima mgongoni kwa miaka mingi, na mzigo ukaishinda. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa. Matawi mengi ya wilayani yalikwenda kwa benki mpya ya NMB, na ndiyo maana walimu wengi wa rika langu walimalizia utumishi wao katika foleni za NMB. Hata hivyo, mtu asiyekuwa na mshahara wa serikali wala duka kubwa aliendelea kuiona benki kama alivyoiona mahakama: nyumba ya watu wengine, ambayo ni heri usiingie.

Kisha ikaja simu. Mwaka 2005 huko Kenya, kampuni ya Safaricom, kwa msaada wa fedha za Serikali ya Uingereza zilizopitia Vodafone, ilianza jaribio dogo. Nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao kwa simu. Wakopaji wenyewe waliona jingine. Walianza kutumiana fedha, mume kwa mke, mtoto kwa mzazi. Wenye kampuni waliwatazama, wakajifunza kutoka kwao, na Machi 2007 M-Pesa ikatangazwa rasmi kama njia ya kutuma fedha. Mwaka 2008 Vodacom iliileta Tanzania, na wengine wakafuata na huduma zao: Tigo Pesa, Airtel Money na nyinginezo. Naomba msomaji aikumbuke hatua hii. Watu wasiokuwa na elimu ya fedha ndio waliowafundisha wenye elimu ya fedha kazi ya chombo chao.

Kutuma fedha si benki bado. Benki huweka na hukopesha. Novemba 2012 ile benki yetu ya mwaka 1962 ilishikana mkono na Safaricom, wakazindua M-Shwari: akaunti ya akiba na mkopo ndani ya simu, bila karatasi, bila picha, bila mdhamini, bila tawi. Mwaka 2014 ikaja kwetu pamoja na Vodacom kwa jina la M-Pawa. Hivyo benki iliyoondoka kwenye ardhi hii bila kumjua mkulima ikamrudia ikiwa mfukoni mwake. Mwaka 2019 huko Kenya iliungana na benki ya NIC, na leo inaitwa NCBA. Baada yake zimefuata nyingine nyingi, za mabenki, za makampuni ya simu, na za watu ambao hatujui hata wanakaa mtaa gani.

Inafanyaje kazi? Afisa mikopo wa zamani alikuuliza una shamba ekari ngapi, umeoa au hujaoa, nani atakudhamini. Benki ya simu haikuulizi kitu. Inatazama umetumia simu muda gani, unaongeza salio mara ngapi, unapokea na kutuma fedha kiasi gani, kisha inajiamulia unastahili kukopeshwa kiasi gani. Inakujua. Swali langu ni moja: wewe unaijua?

Tuchukue M-Shwari yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia na bei yake ilitangazwa waziwazi. Mkopo wake ulikuwa wa siku 30, na malipo yake asilimia 7.5. Jina la malipo hayo halikuwa riba, yaliitwa ada. Mtoto wa darasa la saba, ukimwambia kwamba mwaka una miezi 12, atakujibu kwamba asilimia 7.5 kila mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka. Sisemi kwamba huo ni wizi. Mtu akikopa shilingi 50,000, akanunua mpunga asubuhi, akauza jioni, akarejesha, faida yake yaweza kuzidi ada hiyo. Lakini mwenye kukopa miezi sita mfululizo, akirejesha na kukopa tena, akirejesha na kukopa tena, haoni mahali popote palipoandikwa kwamba anakimbia katika mteremko wa asilimia 90. Anaona saba na nusu, anasema ni kidogo. Na hao ndio wakopeshaji wenye leseni, wenye anwani, wanaosimamiwa na Benki Kuu.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka 2022, mpunga ulipokwisha kuvunwa, tulikuwa na mkutano wa wakulima, na kama ilivyo desturi nikaombwa kama mwalimu mstaafu niseme machache. Malalamiko ya mikopo yalikuwa mengi. Nilisimama nikasema kwamba tatizo letu si mikopo, tatizo letu ni ujinga wa hesabu. Kwamba mtu anabonyeza tu kama mtoto anayechezea redio. Kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Nilipigiwa makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja baada ya ibada, simu yangu ililia. Ujumbe kutoka namba nisiyoijua ulisema kwamba mimi ni mdhamini wa binti fulani, kwamba binti huyo ni mdaiwa sugu anayekimbia deni, na kwamba nimwambie alipe leo hii la sivyo hatua zitachukuliwa dhidi yetu sote. Binti aliyetajwa ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ni mamalishe, anawapikia madereva pale barabarani. Sikuwa nimemdhamini kwa lolote. Nilipoinua macho nikaona mwalimu wa kwaya naye anatazama simu yake, kisha ananitazama mimi. Ujumbe ule ule ulikuwa umetumwa kwa watu wengi ambao majina yao yalikuwa katika simu ya binti yule: wanakwaya, majirani, madereva, na mwenye duka aliyekuwa akimkopesha mchele wa wiki nzima na kulipwa Jumamosi. Jumatatu mwenye duka alimwambia kwamba kuanzia siku hiyo atauziwa kwa fedha taslimu.

Nilimwita. Alikuja jioni, akanipigia magoti.

"Shikamoo baba mkubwa."

Niliitikia marahaba kwa sauti ambayo leo naijutia. Nikamwuliza, mtoto wa ukoo wa walimu, kwa nini hukusoma kabla ya kukubali?

Akajibu taratibu, bila ukaidi, "Nisome wapi, baba mkubwa?" Akanipa simu.

Nilivaa miwani. Nilikaa na simu ile tangu saa tisa mpaka giza likaingia. Programu ile siitaji jina, wala haikuwa mojawapo ya benki nilizozitaja hapo juu. Palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichosema Kubali. Palikuwa na picha ya msichana anayecheka. Masharti yalikuwapo, kwa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa mchanga, ukurasa baada ya ukurasa. Kiingereza nakijua. Mahali pamoja pametajwa ada ya huduma, mahali pengine ada ya uchambuzi, mahali pengine adhabu ya kuchelewa. Mahali ambapo pameandikwa "utapokea kiasi hiki, utalipa kiasi hiki, siku hii" sikupaona. Mimi niliyefundisha walimu jinsi ya kufundisha riba, nilishindwa kuipata riba ya mpishi wa wali.

Hatimaye tuliipata kwa njia ya kienyeji, kwa kusoma ujumbe wa fedha zilizoingia na ujumbe wa deni. Aliomba shilingi 100,000. Alipokea 78,000. Alitakiwa kulipa 105,000 baada ya siku 14. Nikachukua kalamu. Tofauti ni shilingi 27,000. Ukizigawa kwa zile 78,000 alizopokea hasa, unapata karibu asilimia 35 kwa wiki mbili. Mwaka una wiki mbili-mbili 26. Kwa kiwango hicho, riba ya mwaka ni asilimia 900. Niliirudia hesabu mara tatu nikidhani uzee umenipotosha.

Katika miaka yote niliyoandika maswali ya riba ubaoni, Asha aliweka shilingi 400 benki, Juma alikopa shilingi 1,000, sikuwahi kuwaficha wanafunzi mtaji, kiwango na muda, vyote vitatu, kisha nikawataka jibu. Ningefanya hivyo mkaguzi angeandika katika ripoti yake kwamba mwalimu huyu hafai. Leo maelfu ya watu wazima wanapewa swali la namna hiyo saa tano za usiku, mtoto ana homa, na wakikosa jibu tunasema hawana elimu.

Nitaambiwa kwamba nachukua kisa kimoja na kukifanya sheria. Basi tuyatazame mambo mawili ambayo nchi nzima iliyaona.

La kwanza ni tozo. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza kutozwa tozo ya serikali katika miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kulingana na kiasi. Tozo hiyo watu waliiona kwa macho, maana ilikatwa papo hapo na tarakimu zake zilijulikana. Je, hao wasiokuwa na elimu ya fedha walichukua muda gani kuielewa? Hata wiki haikwisha. Wapiga debe, wauza nyanya, wanafunzi, kila mtu aliweza kukwambia kutuma elfu hamsini ni shilingi ngapi na kulitoa ni shilingi ngapi. Walilalamika kwa hesabu, na serikali ikasikia: Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Watu wale wale, simu zile zile, hesabu ngumu zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii swali liliandikwa ubaoni.

La pili ni VICOBA. Nenda katika kikundi chochote cha akina mama katika kata hii siku ya kukutana. Utaona sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Mkopo hutangazwa kwa sauti: fulani amechukua kiasi fulani, atarejesha kiasi fulani, wiki fulani. Hisa, riba, faini ya kuchelewa, mgawo wa mwisho wa mwaka, vyote hufanyika katika daftari la mistari, na wengi wa wanachama waliishia darasa la saba. Ningependa mmoja wa wale wanaotuletea semina za elimu ya fedha akae kwenye kikao hicho saa moja, kisha anieleze atawafundisha nini.

Kwa hiyo naikataa hoja ya ujinga. Anayeficha bei asimlaumu mnunuzi kwa kutoijua.

Naisikia pia hoja ya pili, kwamba mkopaji ni mtu mzima, hakulazimishwa, alibonyeza mwenyewe. Ni kweli, na dawa ya deni ni kulipa. Yule binti alilipa, kila senti, pamoja na adhabu. Aliuza sufuria lake kubwa na gunia la mpunga, nami nikaongezea kutoka pensheni yangu. Sijaomba mtu asamehewe deni lake. Lakini mapatano ni ya watu wawili wanaojua wanachopatana. Sokoni Rujewa, muuza ng'ombe akikutajia bei ya mguu mmoja halafu akakudai ya ng'ombe mzima, hatusemi kwamba mnunuzi hana elimu ya ng'ombe.

Na hoja ya tatu ni kwamba ukiwabana wakopeshaji watakimbia, na maskini atakosa mkopo. Hoja hii naiheshimu zaidi, kwa kuwa nimeona miezi ya njaa. Lakini mbona waliobanwa mahali pengine hawakukimbia wote? Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza kwamba gharama za huduma za fedha kwa simu zionyeshwe kwa mteja kabla hajakamilisha muamala. Biashara hiyo haikufa Kenya. Hapa kwetu, Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizokuwa na leseni. Nilipoisoma orodha hiyo nilifarijika, kisha nikahuzunika. Nilifarijika kwa kuwa kumbe serikali inaweza kuyataja majina. Nilihuzunika kwa kuwa wakati orodha inatoka, mwenye duka alikuwa ameshafunga daftari lake la mkopo kwa binti yetu zaidi ya mwaka mzima.

Sasa nataka nini? Mwalimu akilalamika tu bila kuandika sahihisho, hajamaliza kazi. Sahihisho langu lina mambo matatu, na yote yanaweza kuandikwa kwenye nusu ukurasa wa sheria.

Kwanza, kabla mtu hajabonyeza neno Kubali, simu imwonyeshe mistari minne tu, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anaweza kuzisoma: utapokea shilingi kadhaa, utalipa shilingi kadhaa, siku ya tarehe fulani, na kiwango hiki kwa mwaka ni asilimia kadhaa. Kila ada iingie humo, iwe inaitwa huduma, uchambuzi au jina jingine watakalobuni kesho. Kisichoandikwa humo kisidaiwe.

Pili, awepo mtu wa kuulizwa. Mwaka 1989 huko Uingereza ilianzishwa benki iliyoitwa First Direct, isiyokuwa na tawi hata moja. Ilikuwa benki ya simu ya mezani. Lakini ukipiga usiku wa manane, alipokea binadamu. Sisi tumeondolewa foleni, tumshukuru Mungu, lakini pamoja na foleni tumeondolewa dirisha, na nyuma ya dirisha alikuwapo mtu. Hata yule karani mkali wa NBC, aliyetutupia fomu kama anatupa maganda, ulipomwuliza alikujibu. Darasa lisiloruhusu mtoto kunyoosha mkono si darasa.

Tatu, majina yaliyomo katika simu ya mtu si rehani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Itumike. Mkopeshaji anayemtangaza mdaiwa kwa kwaya yake na kwa wateja wake amemwibia kitu ambacho hakikuandikwa katika mkopo, na ambacho hakirejeshwi kwa kulipa deni. Kijijini mtu anaishi kwa jina lake. Yule binti alikuwa na mtaji mkubwa kuliko zile shilingi 78,000: mwenye duka aliyemwamini kwa mchele wa wiki. Huo ndio waliomchukulia.

Mwaka jana wakati wa mavuno niliomba tena nafasi katika mkutano wa wakulima. Nilisimama nikasema kwamba mwaka 2022 niliwaambia jambo ambalo si kweli, na kwamba naliondoa. Niliwaeleza hesabu ya 78,000 na 105,000, nikaiandika kwa mkaa juu ya ubao wa mlango wa ghala kwa kuwa chaki haikuwapo. Safari hii hapakuwa na makofi. Palikuwa na ukimya, kisha mama mmoja akasema na yeye ana ujumbe kama huo, akaitoa simu yake, na mwingine akaitoa yake, tukakaa pale tunahesabu mpaka taa za malori zikaanza kuwaka barabarani. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa hesabu baada ya kupewa tarakimu.

Binti yetu bado anapika. Akiba yake ndogo anaiweka kwenye simu, nami simkatazi, na mikopo anachukua kwenye kikundi chake, mbele ya sanduku. Mwenye duka bado anamwuzia kwa fedha taslimu. Nilikwenda kuzungumza naye mara mbili, akanisikiliza kwa adabu, akanipa kiti na soda. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sina ubaya naye, ila ule ujumbe niliusoma." Nitakwenda tena mara ya tatu.